Masta ya wikendi: mapokezi nyota 5, kilichobaki njoo tuongee

Nimemaliza masta yangu mwishoni mwa mwaka jana, joho nimevaa, picha na mama nimepiga, haikupita hata wiki ikaingia meseji kwenye simu: "Mpendwa mteja, tafadhali tathmini huduma zetu kwa kujibu 1 hadi 5." Mteja. Sio mhitimu, sio ndugu mwanachuo, mteja. Nikajibu 4 kwa sababu nilikuwa nimening'inia kwenye daladala na mkono ulio huru ulikuwa mmoja tu, ila toka siku ile najiona nimedanganya, kwa hiyo acha niitoe ile tathmini upya, safari hii nimekaa.

Jina la chuo sitaji. Kwanza wana mawakili, pili waliofanya haya ni watu wa kawaida tu wanaosomesha watoto kama mimi, na tatu kila nikiwasimulia wenzangu waliosoma kwingine wananiambia we acha, hicho ni chuo chetu kabisa umetuibia stori.

Bidhaa yenyewe ni masta ya wikendi, miezi 18, Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa, mambo ya fedha na maendeleo ya jamii, bei milioni 6 na laki 4 unalipa kwa awamu nne. Mi ni afisa mikopo kwenye saccos moja hapa Dar, nimekaa dirishani miaka tisa, na bosi alishaniambia wazi bila masta umeneja nisahau. Kwa hiyo sikwenda pale kutafuta maarifa, nilienda kununua karatasi, nalikiri hilo mapema ili baadae mtu asije kusema najifanya mwanafalsafa.

Tuanze na mazuri maana yapo. Mapokezi sijawahi kuona chuo kama hicho. Unaingia unakuta dawati la huduma kwa wateja, dada anasimama, anakuita kwa jina, control number, ile namba ya kulipia ada, inatoka kabla hujamaliza kukaa, ukichelewa awamu unapigiwa simu kwa upole kuliko hata mimi ninavyowapigia wadaiwa wangu. Darasani kiyoyozi, viti vya kuzunguka, saa nne chai na sambusa za nyama za uhakika, sio zile za vitunguu vitupu. Nilisoma digrii ya kwanza kwenye chuo cha umma enzi tunakaa watu 400 kwenye ukumbi wa watu 250, wengine dirishani, bumu limechelewa na mtu anasoma desa la miaka sita iliyopita, sasa ukitoka huko ukafika hapa unasema kumbe elimu inaweza kuwa na heshima. Mapokezi nyota 5, sibishani.

Kasoro inaanza ukifika kwa walimu, na hapa naomba mnielewe maana walimu wenyewe sio wabaya. Nilisoma kozi 10. Walimu wa kudumu kwenye hizo kumi walikuwa watatu, waliobaki wote ni wa mkataba wa mwaka au wa kulipwa kwa kipindi, anakuja Jumamosi na begi lake, anafundisha, anasaini karatasi ya masaa, anaondoka kuwahi chuo kingine. Ofisi hana, ukimtaka unamkuta kwenye gari. Mwanzoni sikuona shida, nikasema si wanabana matumizi, hata sisi saccos tuna walinzi wa kampuni. Shida nilikuja kuiona muhula wa pili kwa mwalimu mmoja ambae nitamwita Dokta tu.

Dokta alikuwa mkali. Haji na slaidi 80 za kusoma neno kwa neno, anakuja na swali moja anakuzungusha nalo masaa matatu. Kuna Jumamosi mvua ilinyesha umeme ukakatika, projekta ikazima, jenereta ikagoma, wenzangu wakaanza kukusanya vitu waondoke, yeye akafunga laptop akakaa juu ya meza akaanza kutusimulia kesi ya Toronto. Mpaka leo ndo kipindi pekee ninachokikumbuka chote kwenye ile miezi 18.

Ni hivi. Miaka ya 1990 kulikuwa na daktari wa damu Canada, Nancy Olivieri, anajaribu dawa inaitwa deferiprone kwa wagonjwa wa talasemia, ule ugonjwa wa kurithi ambao mtu anaongezewa damu kila mara mpaka madini ya chuma yanamjaa mwilini na yenyewe yanaanza kumuua. Sehemu ya utafiti inalipiwa na kampuni ya dawa, Apotex. Katikati ya safari mama wa watu akaanza kuona dawa inaishiwa nguvu kwa baadhi ya wagonjwa, akataka kuwaambia. Mwaka 1996 kampuni ikasimamisha majaribio na kumtishia mahakama, kwa sababu kwenye mkataba alikuwa amesaini kipengele cha usiri. Hakunyamaza, akasema, baadae akaona na dalili nyingine kwamba inaweza kuumiza ini, nayo akaisema. Na kipindi hicho hicho Chuo Kikuu cha Toronto, alikokuwa anafundisha, kilikuwa kwenye mazungumzo na kampuni hiyo hiyo kuhusu mchango wa mamilioni ya dola.

Dokta akatuuliza, haya, nani alitaka anyamaze? Tukajibu kampuni. Akasema sawa, na chuo kilikuwa wapi? Darasa kimya, unasikia mvua tu juu ya paa.

Akaendelea. California, chuo cha Berkeley, 1998, idara moja ya mimea ikasaini na Novartis, kampuni kubwa ya dawa na mbegu, dola milioni 25 kwa miaka mitano, kampuni ikapata haki ya kuwa ya kwanza kujadili leseni kwa karibu theluthi ya uvumbuzi wa idara, na viti viwili kati ya vitano kwenye kamati inayogawa hela za utafiti. Mwalimu mmoja, Ignacio Chapela, akaupinga ule mkataba hadharani. 2003 akanyimwa ajira ya kudumu, kelele zikapigwa, 2005 ndo akapewa. Dokta akasema mimi simwambii mtu kwamba ile ilikuwa sababu, mimi nawaambia tarehe tu. Huyo ndo Dokta.

Afu akafungua begi akatugawia karatasi za fotokopi zimefifia. Azimio la Dar es Salaam, Aprili 1990, kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Limepitishwa na jumuiya za wahadhiri wa vyuo vya hapa hapa nchini! Mi nimezaliwa Dar nimekulia Dar nina digrii ya Dar sijawahi kulisikia. Na lingine la Kampala, Novemba mwaka huo huo, limetoka kwenye mkutano wa CODESRIA, lile baraza la watafiti wa sayansi za jamii Afrika. Ukiyasoma unaona wale wazee walikuwa wanaiangalia serikali zaidi, mambo ya kufukuzwa, kufungiwa vyuo, askari getini. Ila lile la Kampala limeibana serikali itoe fedha za kutosha kwa vyuo, na Dokta akasema kipengele hicho mkisome mara mbili, kwa sababu wakati wanakiandika hela ndo ilikuwa inaondoka. Nchi ilishasaini na IMF 1986 masharti ya kubana matumizi ya serikali, mwanzoni mwa miaka ya 90 ikaja sera ya kuchangia gharama, yaani mwanafunzi naye alipe, Makerere kule Uganda nako wakafungua mlango kwa wa kujilipia na muongo haukuisha wa kujilipia wakawa wengi kuliko wa serikali, sisi bodi ya mikopo sheria yake ni ya 2004. Askari wa getini unamuona, alisema, unaweza hata kumpiga picha. Hii nyingine inakuja na risiti.

Hapo jamaa mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Dokta samahani, hii itakuja kwenye UE?" Yaani mtihani wa mwisho wa muhula.

Dokta akacheka, "Haiji." Basi ungeona kalamu zilivyolala. Na mimi yangu ililala, msidhani mimi ni nani.

Wiki tatu baadae akarudisha kazi zetu. Mi nilikuwa nimeandika kuhusu marejesho ya mikopo pale saccos kwetu, kazi nzuri kabisa, magrafu ya rangi, nikaonesha jinsi mfumo wetu wa dhamana ya kikundi unavyowainua kina mama. Akanipa C. Kwa asiyejua, masta pasi ni B, C unasapu, yaani unarudia. Pembeni ameandika kwa wino mwekundu: "Umeandika anachotaka kusikia mwajiri wako. Jedwali lako la pili linasema kinyume. Lisome." Nikakasirika sijawahi. Nimelipa milioni 6, nimetoka kazini Ijumaa nimechoka, nimeacha familia, afu mtu wa mkataba anayepaki Vitz yake kwenye jua ananiambia nisome jedwali langu mwenyewe?

Usiku ule grupu la wasap la darasa likawaka moto. Tulikuwa tisa tuliosapu kati ya 31. Mtu akaandika "jamani fomu za tathmini zinafunguliwa Jumatatu, tunajua cha kufanya." Fomu zenyewe ziko kwenye mfumo, huwezi kuona matokeo yako mpaka umejaza, maswali 11 yenye vikatuni vya nyuso, uso unaocheka mpaka uso unaolia. Mwalimu anawasilisha kwa mvuto? Mwalimu anazingatia mtaala? Je, kama mteja umeridhika? Hakuna swali linalouliza kama umejifunza kitu, nilitafuta. Nikampa nyuso za kulia mstari mzima, nikaandika na maoni: "Anatoka nje ya mtaala, anasimulia mambo ya Canada." Nilijisikia raha kabisa nikalala.

Muhula wa tatu hakuwepo. Nikauliza dawatini yule dada mzuri, akaangalia kompyuta akasema kwa tabasamu lile lile, tathmini zake zilishuka chini ya wastani unaotakiwa kwa hiyo mkataba haukuhuishwa. Hajafukuzwa, hakuna barua, hakuna kikao, hakuna pa kukata rufaa, mkataba umeisha tu kama vocha.

Jedwali la pili nililisoma baadae sana. Alikuwa sahihi. Kina mama waliokuwa wanalipa vizuri kwenye takwimu zangu walikuwa wanakopa kwingine ili watulipe sisi, iko pale kwenye namba, safu ya nne. Nimekaa dirishani miaka tisa sikuona, mtu wa begi aliona kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alimnyamazisha Dokta siwezi kunyoosha kidole kwa serikali wala kwa bepari. Waliompa nyuso za kulia ni mimi na wenzangu nane. Chuo kilituuliza kama tumefurahi, tukajibu kwa ukweli kabisa kwamba hatujafurahi. Na sio sisi peke yetu jamani, Uingereza nako wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaulizwa kuridhika kwao kila mwaka toka 2005, ada zao zilianza pauni 1,000 mwaka 1998 zikafika 9,000 mwaka 2012, na mtu aliyelipa 9,000 anataka akiongea asikilizwe, ni kawaida ya binadamu. UNESCO walishaandika 1997 kwamba usalama wa ajira wa mwalimu wa chuo kikuu ulindwe. Nilikuwa nadhani vitu kama hivyo ni maslahi ya walimu tu, posho na nini, kumbe ndo gharama ya mtu kuweza kukupa C na kesho akarudi darasani. Sisi tulikuwa tunanunua walimu wasioweza kutupa C, na tulikuwa hatujui kama tumelipia hicho.

Walimu waliokuja baada yake wote walitupa B na B+. Wapole, slaidi nzuri. Siwezi kukumbuka hata kimoja walichosema. Aliyechukua kozi ya Dokta alikuwa kijana mdogo, siku ya kwanza kabisa akasema "mimi niko flexibo," darasa likapiga makofi.

Sasa tuje kwenye dizetesheni maana hapa ndo nilipolipia kwa upande wangu.

Nilitaka kuandika kuhusu mikopo ya apu, hii mnayoiita kausha damu. Hili naliona kazini kila siku, mtu anakuja dirishani kukopa laki tatu, ukimuuliza unagundua anataka kulipa apu nne, na moja imeshaanza kuwatumia meseji watu waliomo kwenye simu yake, mkwe, mchungaji, fundi bomba, kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Kichwa cha habari nikakiandika kwa adabu kabisa, "Mikopo ya kidijitali na matumizi ya kaya za wafanyabiashara wadogo." Nikafanya na mahojiano ya awali, watu 23, kwenye daftari kwa mkono kwa sababu wengi hawakutaka kurekodiwa. Propozo ikapita kwa supavaiza bila shida, akaisifia, akasema ikikamilika tuitafutie jarida.

Wiki mbili kimya. Afu akanipigia, tukutane paking.

Nimesema paking, hana ofisi na yeye. Tukakaa ndani ya gari, vioo juu, akawasha AC.

"Mdogo wangu, ile mada yako kuna changamoto kidogo."

"Changamoto gani mwalimu, si uliisaini?"

"Niliisaini ndiyo. Umeuona ule ukumbi mpya wa ubunifu, pale chini?"

Nimeuona, nani hajauona, kompyuta 40, makochi ya rangi, na nembo ya kampuni ya mikopo ya apu ukuta mzima. Kampuni hiyo ndo inalipia na ada za wanafunzi bora watano kila mwaka na imeahidi kujenga ghorofa la pili.

"Hakuna aliyekataza," akasema, "sijapewa barua, wala kampuni haijapiga simu, nadhani hata hawakujui. Ila kwenye kamati mtu aliuliza tu, hii mada imezingatia mahusiano na wadau? Basi. Kila mtu akaangalia meza." Akanyamaza kidogo akapunguza AC. "Mkataba wangu unaisha Juni."

Nikamwambia naelewa. Na kweli nilielewa, nisingekuwa mimi wa kumwambia mtu mwingine apoteze kazi baada ya yale ya nyuso za kulia. Akatoa karatasi, mada mbadala ilishachapwa tayari: "Mtazamo wa vijana kuhusu fursa za huduma za fedha kidijitali." Dodoso la maswali 20, vijana 150, kubaliana sana kubaliana kiasi sikubaliani. Dakika 40 tukawa tumemaliza. Nilipata A. Imejalidiwa kwa rangi ya bluu, iko kabatini.

Naomba niwe mkweli, kampuni hiyo ina leseni, Benki Kuu ilipotoa orodha ya apu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni Novemba 2024 haikuwemo, na inawezekana kabisa utafiti wangu ungeikuta haina kosa. Sijui, hakuna atakayejua, mi nilikuwa nahesabu vijana wanaokubaliana sana. Na ukinidai ushahidi kwamba mada yangu ilizuiliwa sina hata kipande, maana haikuzuiliwa, niliibadilisha mwenyewe na sahihi yangu ipo. Katiba ya Kenya ya 2010 ibara ya 33 inautaja uhuru wa kitaaluma kwa jina lake, Afrika Kusini ibara ya 16 wanautaja, Uganda ya 29, sisi ibara ya 18 tuna uhuru wa maoni na kueleza fikra kwa ujumla, hata tungekuwa na hizo zote nne kwa pamoja ningempeleka nani mahakamani? AC ya gari?

Watu watasema chuo kitakula nini kisipoingia ubia na makampuni. Swali zuri, na sina jibu la haraka, hata vyuo vya umma viko huko huko, ule mradi mkubwa wa elimu ya juu wa dola milioni 425 toka Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2021 nao jina lake lote ni mageuzi ya kiuchumi, mitaala iendane na soko la ajira, na kuna mambo mazuri tu humo, maabara, walimu kwenda kusoma. Mi sipingi hela. Ninachosema kama mteja ni kwamba nilipewa orodha ya vitu ninavyonunua, kiyoyozi, sambusa, laibrari ya mtandaoni, paking, halafu kuna kitu kimoja hakikuandikwa kwenye orodha na ndo kilikuwa bidhaa yenyewe, mtu anayeweza kuniambia nimekosea, na mimi kuweza kusema nilichokikuta. Sasa hicho kikitolewa huoni pengo. Chai inaendelea kuja saa nne.

Je nakushauri ujiunge? Kama bosi wako anataka karatasi kama alivyotaka wangu, nenda, hutajuta, utapewa, na umeneja nimeupata nisiwe mnafiki. Ila kabla hujaomba control number waulize mambo mawili matatu hapo dawatini. Uliza kozi ngapi zinafundishwa na watu wa kudumu. Uliza zile fomu za nyuso zinaamua nini, zinamsaidia mwalimu kujirekebisha au zinamuondoa. Uliza nani kajenga ule ukumbi wenye makochi, na nani kati ya wanafunzi amewahi kuandika kitu kibaya kuhusu aliyeujenga. Hilo la mwisho yule dada hatakuwa na jibu kwenye kompyuta, atakuita kwa jina tena na kukupa maji. Na ukipata mwalimu wa begi anayekukera, subiri angalau wiki kabla hujajaza fomu.

Nyota: mapokezi 5, mazingira 5, chai 5, ufundishaji 3 kwa ajili ya Dokta peke yake, usimamizi wa utafiti 2 na hizo mbili ni za supavaiza kwa kuniambia ukweli ndani ya gari. Uhuru wa kusema ulichokiona 1, kwa kuwa mfumo hauruhusu 0.

Lile daftari la watu 23 bado ninalo kwenye droo kazini. Mmoja wao ni mama anauza mihogo pale karibu na kituo, ndo yule ambae mchungaji wake alitumiwa meseji, alinisimulia huku anamenya, hakuniangalia usoni hata mara moja. Juzi nimepita pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia umeshahitimu, hongera. Sasa ile kazi yetu imefikia wapi?"

Nikamwambia mama, ile mada waliibadilisha.

"Waliibadilisha kina nani?"

Nikaagiza mihogo ya buku.